Peugeot 504 Ikichemsha Safarini: Rejeta au Mpira wa Chini?
Gari la zamani likienda bila kuchemsha mjini Tanga, kisha likachemsha baada ya Muheza kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa, mara nyingi feni haina kosa, kwa kuwa upepo wa mbele unatosha kupooza rejeta.

Rejeta iliyoziba hupandisha joto taratibu. Zima injini, uipapase rejeta kwa tahadhari, na palipoziba patakuwa na ubaridi. Mpira wa chini (bomba linalopeleka maji kutoka rejeta hadi pampu) uliolegea, hasa ambao springi yake ya ndani imeliwa na kutu, hunywea pampu inapovuta maji kwa nguvu, kisha hurudia umbo lake ukipunguza mwendo, ndiyo maana hupotosha mafundi. Fungua boneti, mwenzako akanyage mafuta, nawe utazame mpira huo bila kusogelea feni. Mimi ningeanza na mpira, kwani rejeta ni ghali.