Uzoefu wangu Rameswaram: nendeni kwa ajili ya visima

Nimesoma maoni mengi ya waliokwenda Rameswaram, na karibu wote wanasifia vitu viwili: daraja la Pamban linalovuka bahari kuingia kisiwani na ile baraza ndefu ya nguzo ya hekaluni. Kweli vinapendeza. Ila mtu akiniuliza mimi, nitamwambia aende kwa ajili ya visima 22 vilivyomo ndani ya hekalu. Nilikwenda na mama. Sisi ni Wahindu wa Dar es Salaam, na safari hii ilikuwa ikizungumzwa nyumbani kwetu tangu enzi za bibi.

Kwa wasioujua, mji huu uko kisiwani, jimbo la Tamil Nadu, upande wa India unaotazamana na Sri Lanka. Hekalu la Ramanathaswamy ni la Shiva, lakini mwenye habari yake ni Rama, shujaa wa utenzi wa Ramayana. Baada ya kumuua Ravana, mfalme wa Lanka aliyemteka mkewe Sita, alitaka kujitakasa, maana Ravana, pamoja na uovu wake wote, alikuwa wa uzao wa Brahmin, tabaka la makuhani. Akamtuma Hanuman, nyani mtumishi wake mwaminifu, mlima Kailash akalete linga, ile nguzo fupi inayoabudiwa kama alama ya Shiva. Hanuman akachelewa, saa ya ibada ikawadia, Sita akafinyanga linga kwa mchanga wa pale pale ufukweni. Hanuman aliporudi na kukuta mambo yameshafanyika, roho ilimuuma. Rama akamliwaza: linga uliyoleta wewe ndiyo itakayoabudiwa kwanza. Linga zote mbili zipo hadi leo, na ibada bado huanza na ya Hanuman. Nimeisikia hadithi hii tangu utotoni, lakini kusimama kwenye foleni na kuona utaratibu ule ungali unafuatwa kulinitoa machozi. Mtumishi alichelewa, na heshima yake ikalindwa kwa karne zote hizi.

Sasa visima. Unaanzia baharini, mbele ya lango la mashariki, mahali panapoitwa Agni Tirtham. Bahari pale imetulia, hata wazee wanaingia bila hofu. Tafadhali msiache nguo zenu majini kama wengine wanavyofanya. Zinawasumbua wanaokuja nyuma na zinachafua mahali pa ibada. Kutoka hapo mnaingia hekaluni mkiwa mmelowa vivyo hivyo na kupita kisima kimoja hadi kingine, kuanzia cha Mahalakshmi hadi cha mwisho, Kodi. Vingine vina majina ya Nala na Nila, wale nyani waliomjengea Rama daraja la kuvukia Lanka. Vingine vya Ganga, Yamuna na Gaya.

Ukingoni mwa kisima anasimama mtu na ndoo ndogo yenye kamba. Anaitupa chini, anaikunja kamba mkononi mara mbili tatu, ndoo imeshafika juu, na maji yanakumwagikia utosini kabla hujamaliza kutamka jina la Mungu. Kazi yao ni ya haraka mno, lakini niliwaona jinsi walivyobadilika mama alipofika mbele: mmoja alishusha ndoo taratibu, akamimina kwanza begani, ndipo kichwani. Na maji yenyewe! Kisiwa kimezungukwa na chumvi pande zote, nami sikuonja chumvi. Kimoja baridi ya kukufanya upige kelele, kinachofuata vuguvugu. Watu wasiojuana walikuwa wakishikana mikono ili asiteleze mtu kwenye sakafu ya mawe.

Angalizo la pesa. Tiketi ya visima tulipokwenda iliuzwa dirishani kwa rupia 25. Nje wamejaa vishoka. Mmoja alitutajia bei mara nyingi ya hiyo, na aliposikia tunaongea Kigujarati akapandisha tena. Pitilizeni moja kwa moja dirishani. Simu haziruhusiwi ndani, na ukishaoga unabadili nguo kavu kabla ya kwenda kuiona linga, kwa hiyo bebeni nguo za ziada kwenye mfuko wa plastiki.

Mama alikuwa na maji ya mto Ganga kutoka Kashi (Varanasi), mji mtakatifu wa kaskazini, kwenye kichupa cha shaba kilichofungwa. Desturi ya zamani ni kuyaleta huku yamiminiwe linga, kisha uchukue mchanga wa Rameswaram ukautie mtoni Prayag, huko huko kaskazini. Kaskazini na kusini mwa India vinaunganishwa na mahujaji namna hiyo, maji kwa mchanga. Alipokabidhi kile kichupa hakusema neno, nami sikumsemesha.

Ile baraza ya nje ina nguzo zaidi ya 1,200. Ilijengwa na wafalme wa ukoo wa Sethupathi, na kuitembea polepole jioni kunatosha. Dhanushkodi, mji uliosombwa na kimbunga cha Desemba 1964 pamoja na treni na abiria wake, ni mwendo mfupi kwa gari. Tuliomba dua, tukarudi.

Nyumba ambayo msiiruke ni ya A.P.J. Abdul Kalam, aliyekuja kuwa rais wa India. Alizaliwa hapa mwaka 1931, kwenye mtaa wa msikiti, na baba yake, Mwislamu mcha Mungu, alikuwa akiwavusha mahujaji wa Kihindu kwa mashua. Mimi niliyekulia kati ya mahekalu ya Kisutu na adhana za mjini, nilijiona nyumbani kabisa.

Kufika: kutoka Madurai ni kama kilomita 170. Treni sasa inapita daraja jipya lililofunguliwa Aprili 2025, ambalo kipande chake cha kati hupanda juu meli zipite. Lile la zamani, la mwaka 1914, sisi tuliliona pembeni. Msije kwa kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Laleni, maana kuna linga nyingine, ya fuwele, ambayo huonyeshwa alfajiri tu, na visima mtavikuta bado havina foleni.