7 Days to Die: apdeti moja ilinifungulia nyumba, nyingine imenifungia msitu

Siku ya tatu ndani ya dunia mpya ya 7 Days to Die, gemu ya kompyuta ya kuhangaika kuishi kati ya mazombi, nilikuwa nimeinama juu ya choo cha mtu nisiyemjua, natafuta maji machafu ya kwenda kuchemsha. Mpwa wangu, aliyekuwa pembeni ya meza akisubiri zamu yake, akacheka hadi akashika ubavu. "Anko, ziwa lote hili halafu unakunywa chooni?" Kibanda changu cha kutengeneza simu kiko Mwanga, hapa Kigoma mjini, na dirisha lake halioni ziwa, ila nilimwelewa.

Ilikuwa 2023, toleo la Alpha 21 limetoka mwezi Juni. Kabla ya hapo, ukiokota chupa tupu unaenda mtoni, unajaza, unarudi kuchemsha, habari ya maji imekwisha siku ya kwanza. Alpha 21 ikaondoa chupa tupu. Kwenye toleo hilo ukisimama mtoni uliweza kuinama ukanywa kwa mikono na kuhatarisha tumbo, lakini kubeba hukuweza. Kwa mtu wa Kigoma hii ni kejeli. Huku mtoto akitumwa maji anashikishwa kidumu, hatumwi mikono mitupu.

Nilinuna kama siku mbili. Halafu nikaanza kuiona hila ya watengenezaji. Ili usife kwa kiu unaingia nyumba za watu, unapekua jikoni na chooni. Unatafuta sufuria, kwa sababu bila sufuria huchemshi. Baadaye unataka mtambo wa kukusanya umande, nao unadai chujio, na chujio liko kwa mfanyabiashara. Mfanyabiashara anataka sarafu za kasino, ambazo ndizo pesa za humo, na sarafu unazipata ukimfanyia kazi zake za kwenda kusafisha majengo. Kwa kuondoa chupa moja tu, wamenitoa pangoni nilimokuwa nachimba mawe na kunirudisha barabarani.

Kwa asiyeijua: gemu hii inatengenezwa na The Fun Pimps wa Marekani. Ilianza kuuzwa Steam, duka la gemu la mtandaoni, ikiwa haijakamilika Desemba 2013, na toleo la 1.0 likaja Julai 2024. Zaidi ya miaka kumi ya apdeti. Unaamka huna kitu, unang'oa nyasi, unatengeneza shoka la mawe, unajenga. Kila siku ya saba usiku, saa nne, mwezi unakuwa mwekundu na mazombi yote yanajua ulipo hadi saa kumi alfajiri. Usipobadilisha mipangilio, siku moja ya humo ni saa nzima ya kwetu, kwa hiyo wiki moja inakula saa saba za maisha yako. Mke wangu ameshapiga hesabu hiyo, msinikumbushe.

Kinachonifanya niandike si mazombi. Ni namna apdeti zinavyobadilisha jibu la swali moja: niingie kwenye ile nyumba kwa sababu gani?

Kwenye matoleo ya zamani, kama Alpha 16 ya 2017, jibu lilikuwa "si lazima". Ulikuwa unajua kitu kwa kukifanya. Ukichimba sana unakuwa mchimbaji, ukitengeneza sana unakuwa fundi. Mimi ni fundi, hilo liliniingia moyoni, kwani hata kubadilisha kioo cha simu nilijifunza kwa kuvunja vioo. Ila tuseme ukweli, watu tulilichakachua. Usiku tunajifungia ndani, tunatengeneza shoka la mawe juu ya shoka la mawe, mashoka mengine hata hatuyahitaji, ili ujuzi upande tu. Mwisho wa 2018 Alpha 17 ikaufuta mfumo ule, ikaweka kila kitu kwenye pointi za kugawa kila ukipanda levo. Ukaua mazombi, ukapata pointi, ukawa mpishi hodari. Sikuwahi kuipenda. Ilikuwa kama kupewa cheti cha ufundi kwa kushinda mbio za magunia.

Alpha 21 ikaja na magazeti, na hapa ndipo nilipopenda tena. Kutengeneza vitu kunafunguka kwa kusoma magazeti unayookota: ya zana, ya upishi, ya dawa, ya vyombo vya usafiri. Ukiweka pointi zako kwenye marungu, magazeti ya marungu yanaongezeka kwenye unayookota. Na yanapatikana panapoeleweka, yaani kwenye masanduku ya barua na maduka ya vitabu. Nakumbuka nyumba moja ya ghorofa, nimepita sebule, nimefungua kabati, zombi likanidondokea kutoka darini, sakafu ikakatika chini ya miguu, nikajikuta stoo ya chini na mguu umevunjika. Sikuwa na banzi wala dawa. Kona moja palikuwa na rafu, juu yake gazeti moja la magari. Lilikuwa la mwisho kati ya niliyohitaji ili niweze kuunda baiskeli. Nikatoka pale nachechemea, nafurahi kama nimeokota laki. Na kuanzia hapo sikuipita nyumba yoyote bila kuangalia sanduku lake la barua.

Halafu ikaja 2.0, ya Juni 2025. Ramani ina kanda tano: msitu wa misonobari, msitu ulioungua, jangwa, theluji, na ule ukanda wa magofu ambako kuna mali nzuri na kifo kibaya. Zamani uliweza kwenda popote. Kwenye 1.0, siku ya pili, nina rungu la mbao tu, nilipiga mbio hadi magofuni, nikapora ghala moja, nikafa mara mbili, nikarudi na bunduki ambayo sikuistahili. Hadithi hiyo mpwa wangu anaisimulia mpaka leo kana kwamba ni yeye.

2.0 iliweka mlango kila ukanda. Msitu ulioungua una moshi unaokula afya, jangwa lina joto, theluji ina baridi, magofu yana mionzi. Unaweza kunywa juisi maalumu ikukinge kwa muda, lakini dawa ya kudumu ni kumaliza orodha ya kazi za ukanda huo hadi upewe beji. Ukipata beji, moshi haukugusi tena. Kwa nini? Beji ni beji tu! Hapo ndipo naona mkono wa mwenye gemu ukinishika kola: maliza darasa la kwanza ndipo uende la pili. Nilikuwa mtalii mwenye njaa, nimekuwa mwanafunzi mwenye daftari.

Nisiwaonee. Kanda zenyewe sasa kila moja ina uso wake. Jangwani kuna zombi linalokutemea wadudu, kwenye theluji kuna jitu linalokurushia mapande ya barafu, na dhoruba ikipiga unakimbilia nyumba yoyote bila kuchagua, jambo linalonipeleka nisikopanga. Halafu mfumo wa beji unaweza kuzimwa kabla hujaanzisha dunia, hata dhoruba unaweza kuzipunguza. Mimi nimezima beji na kuacha dhoruba. Ndivyo ningependa waje nayo kutoka mwanzo.

Kingine ni kosa langu mwenyewe. Niliacha Steam ijisasishe yenyewe usiku, bando la usiku likiwa wazi, na ngome yangu ya siku sitini na kitu ikabaki kwenye toleo lililopita. Watengenezaji husema apdeti kubwa ianzwe na dunia mpya, nami nilikuwa nimesoma. Basi, nenda kwenye mipangilio ya gemu ndani ya Steam, iambie isasishe pale tu unapoifungua. Pale pale kuna sehemu ya kuchagua matoleo ya zamani, kwa anayetaka kurudia enzi za kujifunza kwa mikono. Mashine yangu ni laptop mtumba, RAM ya GB 8. Inaenda, ila usiku wa mwezi mwekundu feni inalia kama boti ya gati la Kibirizi iliyojaa mzigo.

Jana mpwa alianza dunia yake na beji zimewashwa, kwa ubishi tu. Rekt, yule mfanyabiashara wa msituni mwenye mdomo kama konda aliyenyimwa nauli, akamfukuza saa ya kufunga. Dogo akaamua kukatiza msitu ulioungua gizani. Akakohoa, akakohoa, akafa hatua chache kutoka kwenye sanduku la barua ambalo hakulifungua.

"Anko," akaniuliza, "unaizimia wapi hii?"