Weda zinazopumua kwenye mito ya Aberdare: uzoefu wangu

Kwa anayevua samaki aina ya trauti kwa nzi bandia huko milima ya Aberdare au kwenye mito ya Mlima Kenya, weda zinazopumua ndizo za kununua. Weda ni suruali za kuingilia majini, zisizopitisha maji, zinazofika hadi kifuani. Zile nene za neoprini, yaani mpira laini kama sponji, ni nzuri kwa mtu anayesimama majini kutwa kwenye baridi kali. Sisi hutembea kuliko tunavyosimama: unaacha gari juu, unateremka korongo hadi mto Gura au Chania, unarusha mshipi kidogo, unakwea mawe na kuteremka tena. Ndani ya neoprini utaiva.

Baridi nayo si ya mchezo. Trauti kwetu ni mgeni. Ewart Grogan alimleta kutoka Uskoti akamtia mto Gura mwaka 1905, na mpaka leo hukaa huko juu tu, penye maji baridi. Anayemfuata kwa kaptura na raba saa moja asubuhi atasikia magoti yakifa ganzi.

Kupumua kwenyewe kusikuzwe kupita kiasi. Kitambaa kina utando ndani yake ambao tone la maji halipenyi, lakini mvuke wa jasho unapita. Huo mvuke husukumwa na tofauti ya joto na unyevu kati ya ndani na nje, kwa hiyo asubuhi ukiwa ndani ya maji kazi inafanyika vizuri kabisa. Saa sita, jua likiwa utosini na wewe unapanda kilima, utalowa jasho tu, hata ungevaa kitambaa maarufu cha aina hii, Gore-Tex, cha bei gani. Mimi hushusha sehemu ya kifua hadi kiunoni na kuifunga kwa mkanda. Tena weda hizi hazina joto lake zenyewe. Joto linatokana na unachovaa ndani. Suruali ya flisi, kile kitambaa chepesi chenye manyoya, inatosha. Jinzi hapana, pamba ikishika jasho haikauki.

Dukani wengi hutazama kifua na mifuko. Tazama miguu. Zangu zinaishia kwa soksi za neoprini, viatu unanunua kando. Soksi ikiwa kubwa inajikunja ndani ya kiatu na kujisugua mpaka mshono uachie. Ikibana, damu haitembei na vidole vinaganda. Zijaribu ukiwa na soksi nzito, chuchumaa, panda mguu kwenye kiti. Zikivuta kwenye msamba, rudisha. Ukiagiza mtandaoni, kumbuka namba 9 ya Marekani ni kama 8 ya Uingereza.

Viatu nilichukua vya soli ya mpira yenye vichwa vya chuma. Soli ya felti, yaani ya nyuzi zilizoshindiliwa, hushika vizuri kwenye mawe yenye utelezi, ila inakawia kukauka na inaweza kubeba vimelea na mwani kutoka mto mmoja hadi mwingine. New Zealand waliipiga marufuku mwaka 2008 kwa sababu hiyo. Na mkanda wa kiunoni usiuache garini. Gura una kasi, na ukianguka mkanda ndio unaozuia maji kujaa miguuni.

Adui mkubwa ni visiki vya mianzi. Kimoja kilinitoboa gotini. Kulipata tundu ni rahisi: geuza weda, pakaza spiriti upande wa ndani, na pale penye tundu doa jeusi linatokea. Gundi ya weda kidogo, iache ikauke usiku kucha, basi. Kwa hiyo pesa yako iende kwenye tabaka za ziada magotini na makalioni. Weda za kampuni ya Simms, aina ya G3 za Gore-Tex, zinasifiwa sana, lakini bei yake huzidi dola 500. Mimi nilichukua za bei ya kati na sijaona sababu ya kujuta. Zipu ya mbele isiyopitisha maji niliikataa kwa sababu ya gharama, ingawa kwa mtu anayekunywa chai ya thamosi nzima asubuhi, labda ingekuwa busara kuilipia.