TuxGuitar: programu ya bure ya kujifunzia tablatura ya gitaa

Kwa anayeanza, TuxGuitar inatosha, na haikudai hata senti. Inafungua mafaili ya gp3, gp4 na gp5 (ya programu ya Guitar Pro), inaonyesha mistari sita ya tablatura, yaani maandishi ya muziki ambayo kila mstari ni uzi na kila namba ni mahali pa kubonyeza, na inakupigia kila namba iliyoandikwa. Mstari wa chini ndio uzi mnene. Wengi huugeuza kichwani, wakaharibu wimbo mzima. Sifuri ni uzi mtupu, 3 ni freti ya tatu, yaani nafasi ya tatu kati ya vyuma vya shingo ya gitaa.

Utamu wake uko kwenye kurudia. Chagua kipande kifupi, anza na asilimia 50 ya mwendo, kisha mwendo uongezeke kwa asilimia 5 kila mzunguko. Hapo mbinu ya kugonga, ile inayoandikwa 5h7, hueleweka: mkono wa kulia unapiga mara moja tu, kisha kidole cha pete kinagonga freti ya 7. Noti ikifa, umetua mbali na chuma cha freti, au umegonga kwa woga. Kwa 7p5, yaani kukwanyua uzi kwa kidole kinachotoka freti ya 7 ili ya 5 ilie, kidole cha shahada kikae freti ya 5 kabla hujakwanyua, la sivyo utasikia uzi mtupu.

Milio ya TuxGuitar ni ya kinanda cha bei rahisi. Uzi unaovutwa, hasa, unasikika bandia, usiuige.