Uzoefu wangu na swichi ya MikroTik CRS326: nani aingie kwenye mipangilio

Ninaitumia swichi (kifaa kinachounganisha kompyuta na vifaa vingine vya mtandao kwa kebo) ya MikroTik, modeli CRS326-24G-2S+RM, katika chuo cha ufundi ambako maabara ya kompyuta, ofisi ya uhasibu na Wi-Fi ya wanafunzi vyote vinapita kwenye kabati moja. Kuhusu kasi sina mengi ya kusema: ina poti 24 za gigabiti moja na mbili za gigabiti 10, haina feni, na haijawahi kunisumbua. Ninachotaka kukieleza ni jambo ambalo wauzaji wa vifaa hivi hawaligusi kabisa, nalo ni jinsi ya kuamua nani aruhusiwe kuingia kwenye mipangilio yake, kwa njia ipi na akiwa wapi.

Ikiwashwa kwa mara ya kwanza na RouterOS, mfumo endeshi wake mkuu, swichi hii hupatikana kwenye anwani 192.168.88.1, poti zake zote zikiwa zimeunganishwa kwenye briji moja (kundi la poti zinazowasiliana kama mtandao mmoja), na njia nyingi za kuingilia zikiwa tayari zimefunguliwa: FTP (ya kuhamisha mafaili) kwa namba 21, SSH (ya kutoa amri kwa usiri) 22, telnet (ya kutoa amri bila usiri) 23, kivinjari 80, WinBox (programu ya MikroTik ya kusimamia vifaa vyake) 8291, pamoja na API, njia ya programu nyingine kukiamuru kifaa. Katika maabara yenye wanafunzi wadadisi hali hiyo haifai hata kwa siku moja, hasa kwa kuwa telnet na FTP husafirisha nywila bila kuificha. Kinachonifurahisha ni kwamba njia hizo zote zimeorodheshwa mahali pamoja, chini ya /ip service, na kila moja unaweza kuizima au kuiruhusu kwa anwani maalumu tu. Mimi nimebakiza SSH na WinBox, tena kwa kompyuta za mafundi peke yao.

Hata hivyo, anayeishia hapo hajamaliza kazi. WinBox ina uwezo wa kuifikia swichi kwa anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe) bila kuhitaji IP, yaani anwani ya mtandao, na masharti uliyoyaweka kwenye /ip service hayaigusi njia hiyo hata kidogo. Mwanafunzi aliyechomeka kebo kwenye poti ya maabara ataiona swichi kwenye orodha ya majirani, yaani vifaa vya karibu ambavyo WinBox imevigundua, na ataweza kujaribu nywila atakavyo. Dawa yake iko chini ya /tool mac-server, ambako unataja orodha ya poti zinazoruhusiwa kutumia njia hiyo, kisha unafanya vivyo hivyo kwenye mipangilio ya ugunduzi wa majirani. Nimeiachia poti moja tu, iliyomo ndani ya kabati lenye kufuli, kwa sababu siku IP ikivurugika njia ya MAC ndiyo itakayoniokoa.

Kazi inayohitaji utulivu zaidi ni kuhamishia usimamizi kwenye VLAN yake, yaani mtandao uliotengwa ndani ya swichi hiyohiyo. Mpangilio wa hatua ndio wenye kuamua: kwanza unatengeneza VLAN juu ya briji na kuipa anwani, kisha kwenye jedwali la VLAN za briji unaiingiza briji yenyewe kama mwanachama aliyewekewa lebo (tagged, yaani data yake hubeba namba ya VLAN), pamoja na poti inayokwenda kwa mafundi, na mwisho kabisa ndipo unapowasha vlan-filtering, mpangilio unaoifanya briji ifuate jedwali hilo. Ukiisahau briji kwenye jedwali hilo, poti zitaendelea kupitishiana data kama kawaida, watumiaji hawatalalamika, ila wewe utakuwa umejifungia nje.

Kwa ajili ya hatari hiyo kuna hali ya usalama (Safe Mode), na kwangu hii peke yake inatosha kuipa swichi alama za juu. Kabla ya kugusa chochote unabonyeza Ctrl+X kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri), neno SAFE linatokea, na mawasiliano yakikatika ghafla mabadiliko yote hurudishwa yalivyokuwa. Usitarajie irudi papo hapo, kwani husubiri hadi muda wa muunganisho uishe, yaani dakika 9 hivi, na dakika hizo ni ndefu kweli mkuu wa idara akiwa amesimama nyuma yako. Jambo jingine ni kwamba kumbukumbu yake hubeba hatua 100 za karibuni tu, kwa hiyo ni vyema kuthibitisha kazi kidogo kidogo.

Kuhusu watumiaji, nilitengeneza akaunti ya kila fundi, nikawapa wasaidizi kundi la kusoma tu, kisha nikaiondoa akaunti ya admin. Kusasisha RouterOS nako ni sehemu ya ulinzi huohuo: udhaifu wa WinBox wa mwaka 2018, CVE-2018-14847, ulimwezesha mtu asiye na nywila kusoma mafaili ya kifaa, na vifaa vingi viliendelea kuvamiwa miezi kadhaa baada ya marekebisho kutolewa kwa sababu wenyewe hawakuvisasisha.

Kwa ofisi ndogo isiyo na fundi wa kudumu, ningeshauri swichi hiihii iwashwe na SwOS, mfumo wake wa pili ulio mwepesi. Huko unaingia kwa kivinjari, na kwenye ukurasa wa System unajaza anwani, poti na VLAN zinazoruhusiwa kuisimamia. Utakosa SSH na hali ya usalama, kwa hiyo hakikisha poti unayoitumia wakati huo imo kwenye orodha kabla ya kubonyeza kitufe cha kuhifadhi.