Winchi ndogo ya umeme ya 200/400 kwa anayeongeza ghorofa: mashine haina neno, tazama mkono

Winchi inayozungumziwa hapa ni ile ndogo ya fezi moja, yenye herufi PA na namba ubavuni: PA200, PA400, PA500, PA800. Wanaoitengeneza ni wengi na rangi hutofautiana, lakini kilichomo ndani hakitofautiani sana: mota ya volti 220 hadi 230, gia, breki, pipa la kukunjia waya, waya wa chuma wa mita 12, ndoano, kapi moja la ziada na rimoti ya kubonyeza yenye waya. Tunaipima kwa kazi moja tu, kuongeza chumba au viwili juu ya nyumba ambayo chini yake watu wanaendelea kuishi.

Hukumu ianze. Kwa tofali, udongo wa kujengea, nondo na zege la nguzo, PA400 inatosha na inalipa. Kwa kumwaga slabu haifai, hata muuzaji aseme nini. Na ikitokea ajali, mara nyingi winchi yenyewe ni nzima. Kilichoshindwa ni mkono, yaani chuma kilichoishikilia.

Tuanze na zile namba mbili, maana ndizo zinazopotosha wanunuzi. 200/400 ya PA400 si kwamba mashine inabeba kilo 400 ukiibembeleza. Waya ukishuka moja kwa moja hadi kwenye ndoano, inabeba kilo 200, inapandisha hadi mita 12, kwa mwendo wa takriban mita 10 kwa dakika. Ukifunga kapi na kurudisha ncha ya waya kwenye mwili wa mashine, inabeba kilo 400, lakini urefu unabaki mita 6 na mwendo unashuka hadi mita 5 kwa dakika. Namba ya tatu, ambayo wengi hawaisomi, ni S3 20% 10 min. Maana yake mota inaruhusiwa kufanya kazi dakika 2 katika kila dakika 10. Nane zilizobaki ni za kupoa.

Sasa piga hesabu ya slabu. Chumba cha mita 6 kwa 5, unene sentimita 15, kinataka zege mita za ujazo 4.5. Zege lina kilo 2,400 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo ni tani 10.8. Ndoo ya lita 20 iliyojaa zege ina kilo 48 bila ndoo yenyewe. Ukifunga mbili pamoja ni karibu kilo 100. Tukizihesabu kama 100 kamili, ni safari 108. Ndoano ikisafiri mita 4.5 (kimo cha sakafu ya juu pamoja na nafasi ya kupita ukingo), kwenda na kurudi ni sekunde 54. Mota itakuwa imefanya kazi dakika 97, na kwa kufuata ile 20%, kazi nzima ni zaidi ya saa 8. Zege la upande mmoja litakuwa limeshakaza wakati upande wa pili bado ni nondo tupu, na pale yanapokutana patabaki mshono dhaifu unaovuja maji mvua ya kwanza.

Kuna wanaosema tia kapi, beba mara mbili kwa safari. Safari zinapungua hadi 54, lakini kila moja inachukua muda mara mbili, kwa hiyo mota inabaki kwenye dakika zilezile 97. Kapi linakuwezesha kuinua kitu kimoja kizito, halimalizi kazi mapema. Siku ya slabu kodi mashine kubwa ya injini ya kupandishia zege, au panga vibarua wa kutosha kwenye ngazi.

Kwenye tofali mambo ni tofauti kabisa. Tofali la saruji la inchi 6 lina takriban kilo 30. Manne kwenye sanduku la chuma ni kilo 120 na kidogo, na hapo hujaigusa hata 200. Ukuta wa mita za mraba 30 unataka tofali kama 270, sawa na safari 68, ambazo ni saa moja tu ya mota. Ukizigawa kwa siku nzima mashine haipati joto, na kwa kawaida itakuwa inamsubiri fundi, si fundi kuisubiri. Tumia sanduku lenye kuta pande zote. Tofali lililofungwa kamba katikati huponyoka linapogonga ukingo.

Tuje kwenye mkono. Winchi hufungwa kwa mabano mawili ya U kwenye bomba la mraba linalozunguka juu ya mlingoti. Mikono inayouzwa tayari huandikwa uzito tofauti kwa urefu tofauti: mingi inasema kilo 600 kwa sentimita 75, na karibu nusu yake kwa sentimita 110. Watu wengi hawainunui, wanampelekea fundi wa kuchomelea mchoro wa kwenye karatasi ya daftari. Si vibaya, mradi vipimo viwe vimefikiriwa. Bomba la 50 kwa 50 lenye unene wa milimita 3, likitokeza mita 1.1 bila mshazari na kubeba kilo 200 zinazoshtuka wakati wa kuanza, linapita kikomo cha chuma cha kawaida na kupinda karibu na mlingoti. Hata 60 kwa 60 ya milimita 4 iko ukingoni. Chomelea mshazari kutoka chini ya mlingoti hadi karibu na inapokaa winchi, na tatizo linakwisha kwa gharama ya kipande cha bomba. Halafu pima unene kwa kalipa palepale dukani. Bomba linaloitwa la 3 mara nyingi ni pungufu.

Kimo nacho husahaulika. Juu ya sakafu unahitaji ndoo (sentimita 40), kamba zake (40), ndoano na nafasi ya swichi ya juu inayokata mota ndoano ikifika mwisho (30), mwili wa winchi (30), na sentimita 20 za kupita ukingo. Mkono ukiwa chini ya mita 1.6 ndoo haitaingia, na saidia fundi ataivuta kwa mkono huku ameinama nje ya slabu. Fanya mita 2.

Kabla chuma hakijakatwa, tengeneza mfano wake mdogo kwa kipimo cha 1:10. Hii si michezo ya watoto, ingawa watoto wa nyumba wataupenda. Chukua vijiti vya mishikaki, kadibodi ngumu, gundi ya mbao, uzi na sindano ya mlingoti kuzungukia. Mlingoti sentimita 20, mkono 11, miguu ya nyuma 15, upana wa kitako (fremu ya chini inayosimamisha mlingoti) 10. Ukingo wa meza ndio ukingo wa slabu. Uzuri wa 1:10 ni kwamba ujazo hupungua mara 1,000, kwa hiyo kila kilo ya saiti inakuwa gramu moja mezani. Kilo 200 za mzigo ni gramu 200 za mchanga kwenye mfuko wa nailoni, uliopimwa kwenye mizani ya duka.

Ning'iniza mzigo nje ya meza, kisha ongeza uzito nyuma ya kitako mpaka kisimame. Utakuta kinasimama karibu na gramu 150, kwa sababu 200 mara 11 ni sawa na 147 mara 15. Sasa zungusha mkono taratibu uwe sambamba na ukingo wa meza. Kinapinduka ubavuni! Mbele kulikuwa na sentimita 15 za kukisaidia, ubavuni zimo 5 tu. Hapa ndipo mikono mingi ya saiti inapoangukia, wakati wa kugeuza mzigo kuuingiza ndani. Dawa ni kupanua kitako hadi mita 1.5 au zaidi, na kuweka nyuma uzito mara tatu ya ule uliosimamisha mfano, yaani kilo 440 hivi.

Mfano huo huo utakuonyesha kama mkono unagonga nguzo au mirunda unapozunguka, na kama ndoo inatua ndani ya slabu au inaishia hewani. Lakini usiutumie kupima nguvu za chuma. Unapopunguza kila kipimo mara 10, uzito unapungua mara 1,000 ilhali eneo la kukata bomba linapungua mara 100, kwa hiyo mfano unaumia mara kumi pungufu ya kitu chenyewe. Kijiti kisipovunjika hakijathibitisha lolote kuhusu bomba.

Uzito wa nyuma usiwe mifuko ya saruji. Asubuhi utahesabu tisa, saa nane mchana imebaki minne, kwa sababu kila anayekoroga udongo anachukua ulio karibu naye. Mwaga vipande vya zege vyenye ringi ya nondo juu, vya sentimita 30 kwa 30 kwa 30: kila kimoja kina karibu kilo 65, saba vinatosha, na hakuna mtu atakayeviazima.

Nyumba ikiwa na nguzo za zege zilizokwisha komaa, siku 28 au zaidi, funga mlingoti kwenye nguzo kwa vibano viwili na uache kitako. Vibano vikipishana mita 1 kwenda juu, kila kimoja kinabeba nguvu ya takriban kilo 220, cha juu kikivutwa na cha chini kikikandamizwa. Vikipishana nusu mita, ni 440. Kwa hiyo vitenganishe kadiri nguzo inavyoruhusu. Ukuta wa tofali usiuguse kabisa. Ukuta hustahimili kukandamizwa, hauwezi kuvutwa.

Umeme. Winchi hii hula karibu wati 1,000 ikiwa na mzigo, ampea 5 hivi, lakini inapoanza huruka hadi mara nne. Ukiitoa sebuleni kwa waya wa umeme wa milimita za mraba 1.5 wenye urefu wa mita 50, wakati wa kuanza unapoteza volti zaidi ya 20 njiani. Kama umeme wa mtaani jioni uko 200, mota inabaki na 175: inanguruma, haizunguki, na kapasita au koili zinaungua ndani ya dakika chache. Tumia waya wa 2.5, ukunjue wote kutoka kwenye roli yake, na ukisikia mngurumo usio na mwendo achia kitufe papo hapo. Jambo la pili ni zito zaidi. Katika mashine nyingi za bei hii, volti 220 zinapita ndani ya rimoti yenyewe, ile iliyo mkononi mwa mtu mwenye viatu vilivyolowa zege. RCD (swichi inayokata umeme unapovuja) ya miliampea 30 ni lazima. Mvua ikianza, kazi isimame.

Waya wa rimoti ni mfupi, mita 1.5 hivi, kwa hiyo mwendeshaji anasimama juu, kando ya mkono, na hapo pawe na kizuizi cha kumfika kiunoni. Kuna wanaourefusha ili aendeshe akiwa chini. Maana yake anasimama chini ya mzigo.

Kila asubuhi pandisha ndoano tupu mpaka iguse wenzo wa swichi ya juu, uone kama inakata. Udongo mkavu hupenda kuganda kwenye wenzo huo, na ukiganda, ndoano inagonga mwili wa winchi na waya unakatika. Kisha inua ndoo moja iliyojaa sentimita 30, achia, subiri. Ikishuka hata kidole kimoja, breki imelegea au imeingia grisi, usiendelee. Ukishusha hadi chini, mizunguko mitatu ibaki kwenye pipa. Na usivute mzigo ulio pembeni: waya unakunjika upande mmoja wa pipa, unajipanda, halafu unaachia ghafla na mzigo unashuka kwa mshtuko. Waya wenye nyuzi zilizokatika au uliofumuka tumbo hautengenezwi. Unabadilishwa mzima, kwa kipenyo kilekile.

Ukienda kununua, achana na maneno "shaba 100%" kwenye boksi, hayathibitiki bila kufungua mota. Angalia vinavyoonekana: ndoano iwe na ulimi wa kuizuia kufunguka, kitufe chekundu cha dharura kikate kweli, mabano ya U yalibane bomba lako bila kuwekewa vipande vya mbao, na swichi ya juu irudi yenyewe ukiisukuma kwa kidole. Soma namba kwenye kapasita na ununue nyingine ya namba hiyo hiyo siku hiyo hiyo, pamoja na waya wa akiba. PA200 ni nyepesi kufunga na inatosha kwa udongo na ndoo moja moja, ila bila kapi nayo inabeba nusu tu ya namba yake, kwa hiyo kwa tofali nne imeshazidiwa. PA800 ina nguvu, lakini mkono wa kuihimili utakugharimu kuliko winchi, na kwa chumba kimoja cha juu hakuna cha kuinua kinachoihitaji.