Windows 10 imefikia mwisho: upandishe, uhamie Linux au ununue nyingine?

Dada mmoja mwenye steshenari Sinza alikuja kwangu akiwa ameshaanza kukusanya hela ya laptopu nyingine. Fundi aliyeonyeshwa ile ya zamani alimjibu kwa kifupi: "Dada, hii haikubali Windows 11, tafuta mashine nyingine." Nikaiwasha, nikatazama jina la prosesa, yaani ubongo wa kompyuta: i5-8350U. Inakubali kabisa. Kilichokuwa kimezimwa ni TPM, kijisehemu kinachotunza funguo za siri za kompyuta, na kukiwasha ni kuingia BIOS, ukurasa wa mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, na kubadili mstari mmoja. Jioni ile alikuwa na Windows 11 bila kulipia kitu zaidi ya bando. Laki kadhaa za mtu anayehesabu kopi moja moja zilikuwa zinakwenda bure kwa sababu hakuna aliyesoma namba.

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta haikuzimika siku hiyo na haitazimika, ila matundu ya usalama yanayogunduliwa baada ya hapo hayazibwi tena hivihivi. Kwa anayeingia benki kwenye mashine hiyo, au anayechomeka flashi za wateja kutwa nzima, hilo si la kuahirisha.

Kwa hiyo kabla ya kumpa mtu hela, soma prosesa. Kwenye Intel Core i3, i5 na i7 zilizojaa madukani Kariakoo, tarakimu zinazofuata kistari zinaonyesha kizazi: i5-6300U ni cha 6, i5-8250U ni cha 8, i5-10210U ni cha 10. Windows 11 inataka cha 8 kwenda juu, ukiacha vighairi vichache, pamoja na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4, nafasi ya GB 64 na TPM 2.0. Microsoft wana programu ya bure, PC Health Check, inayokupa jibu moja kwa moja. Ikikataa wakati kizazi kinafaa, mara nyingi tatizo ni TPM au Secure Boot (ulinzi wa mashine inapowaka) kuzimwa, na kwenye HP unaingia BIOS kwa F10.

Nafasi ya kwanza: kupandisha kwenda Windows 11 mashine ikikubali. Ni bure kama Windows 10 yako ni halali, na faili na programu zako hubaki. Andaa bando la maana, maana mzigo wenyewe unazidi GB 5. GB 4 za RAM zinaruhusiwa, lakini kuzifanyia kazi ni mateso. Ongeza zifike 8, na kama bado una diski ya kuzunguka, weka SSD, diski isiyozunguka na yenye kasi zaidi. Hela inayokwenda kwenye SSD ndiyo hela inayoonekana kuliko zote katika mwongozo huu. Jambo moja wengi hawaambiwi: Windows 11 inaweza kuifunga diski yako kwa ufunguo wa siri bila wewe kushtuka, na ufunguo huo hutunzwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Akaunti aliyoifungua fundi kwa jina lake ni hatari. Fungua yako, kwa barua pepe yako, na nywila uikumbuke.

Nafasi ya pili: Linux Mint, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, mashine ikiwa ya kizazi cha 7 kushuka. Hapa nakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wa Dar wanapotupa kompyuta nzima. HP EliteBook 840 G3 yenye SSD na GB 8 inakwenda vizuri sana na Mint, na ikiwa dhaifu zaidi chukua toleo lake jepesi, la Xfce. Matoleo ya mfululizo wa 22 yanahudumiwa hadi 2029. Ni bure, faili lake ni takriban GB 3, na uzuri wake ni kwamba unaiwasha kutoka kwenye flashi na kuijaribu bila kugusa Windows yako. Jaribu Wi-Fi, sauti na printa. Za HP kwa kawaida hukubali bila matata. Kama kazi yako ni kivinjari, yaani maombi ya ajira, mfumo wa manunuzi wa NeST, usajili wa biashara BRELA, masomo na barua pepe, hutaona pengo.

Pengo lipo kwingine. Programu za hesabu kama Tally na QuickBooks ya kwenye mashine, Photoshop ya picha na AutoCAD ya ramani hazikai humo. LibreOffice, programu ya ofisi inayokuja na Mint, inafungua faili za Word, lakini CV yenye majedwali inaweza kusogea, kwa hiyo tuma PDF. Mwanafunzi anayeandika tasnifu aweke fonti za Microsoft mapema, kabla msimamizi hajaanza kusahihisha kurasa. Wala Linux si ngeni hapa kwetu: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. LibreOffice ni ya ukoo huohuo.

Mwenye steshenari nisingemhamisha. Wateja wanaleta faili za kila aina, na kichwa cha habari kikihama ukurasa lawama ni zake.

Ya tatu: kununua iliyotumika, ya kizazi cha 8 au zaidi. EliteBook 840 G5, ThinkPad T480 na Latitude 7490 ndizo za kutafuta. Usiamini jina la nje tu, kwani jina hilohilo linaweza kuwa lilitoka pia na prosesa za kizazi cha 7. Mwombe muuzaji aiwashe, usome namba mwenyewe, kisha uichomoe chaja na uiache iwake wakati mnaongea bei. MacBook za Intel zinavutia kwa umbo, lakini macOS Tahoe ya 2025 ndiyo toleo la mwisho kwao, kwa hiyo nisingezinunua sasa.

Ya nne: kununua muda. Microsoft waliweka nyongeza ya marekebisho ya usalama kwa Windows 10 hadi 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, au bure ukihifadhi mipangilio yako kwenye akaunti yao. Inamfaa anayesubiri mshahara au mkopo wa kikundi.

ChromeOS Flex, mfumo wa Google wa kazi za kivinjari, ni nyepesi, lakini bando likikata nayo inabaki na kazi chache.

Ya mwisho: kulazimisha Windows 11 kwenye mashine isiyokubali. Inawezekana, na mafundi wengi wanaifanya. Microsoft hawaahidi masasisho kwa mashine hizo, na pakiti nyingi zinazozunguka kwenye flashi huja na vifungua leseni vya wizi vilivyobeba virusi. Muulize fundi waziwazi ameitoa wapi Windows yake. Na ukimwona anachomeka flashi kabla hajakuuliza kama picha na faili zako umezinakili kwingine, mshike mkono.